Vipimo vya Shangazi

Fundi cherehani alikuwa na binti mmoja tu, na binti huyo alikuwa mboni ya jicho lake. Msichana alipoanza kujifunza kuandika programu za kompyuta, mzee hakulala kwa furaha. Kila mteja alionyeshwa ile kompyuta kuukuu iliyowekwa kando ya pasi. "Mwanangu ameniandikia programu ya kutunza vipimo," alijigamba. "Mambo ya vikaratasi, basi tena!"

Siku moja wakaja wateja wawili: bibi harusi, mwembamba kama sindano, na shangazi yake aliyemlea tangu utotoni, mama aliyejaaliwa mwili na maneno. Walileta kitambaa cha aina moja, cha mwisho dukani, kwa maana bibi harusi alitaka waingie ukumbini wameshikana mikono, wamevaa sare. Binti aliwapima. Lakini shangazi alimchekesha mno, hata vipimo vikaingia kwenye majina yasiyo yake: vya shangazi vikakaa kwa bibi harusi, na vya bibi harusi vikakaa kwa shangazi.

Binti aligundua kosa wateja walipokwisha kuondoka. Vipimo vilikuwa vingi, naye hakutaka kuviandika upya. Akaiamuru programu ivibadilishane: kwanza jina la bibi harusi lichukue vilivyo kwa shangazi, kisha jina la shangazi lichukue vilivyo kwa bibi harusi. Akatazama vya bibi harusi, akaona vimekaa sawa. Vya shangazi hakuvitazama. Ujana huo!

Kesho yake fundi alisoma vipimo vya shangazi, akakuna kichwa. "Mwanangu, kifua inchi thelathini na mbili? Mama huyu si ndiye aliyeujaza mlango wangu jana?"

"Baba, kompyuta haina macho ya kusengenya watu," binti akajibu, akicheka.

Mzee aliushika mkasi, akasita. Moyo ulimwambia apime tena, lakini hakutaka mwanawe aone kwamba hamwamini. Mapenzi nayo yana upofu wake. Akakata.

Siku ya kujaribu, gauni la bibi harusi lilimkaa vizuri kabisa. La shangazi lilikwama mabegani, mikono yake ikabaki juu kama mtu anayesimamisha basi. "Fundi," sauti ikatoka ndani ya kitambaa, "umenishonea gauni au soksi?"

Wakacheka wote isipokuwa binti, aliyekimbilia kompyuta. Majina mawili, vipimo vilevile! Machozi yakamlengalenga.

"Kosa ni langu," alisema. "Nafasi moja hubeba kitu kimoja. Nilipoviingiza vya bibi harusi kwenye nafasi yake, vya shangazi vilivyokuwa humo vikafutika. Nikaenda kuvichukua, nikakuta vya bibi harusi. Ilinipasa kwanza niviweke vya shangazi kwenye nafasi ya tatu, vingoje huko."

"Na mimi nilikuwa na macho," fundi akasema kwa upole. "Tumekosa wote, mwanangu." Lakini kitambaa kilikuwa kimekatwa, mabaki yote yametumika kwenye gauni la bibi harusi, na kingine hakikupatikana popote. Shangazi akajitia ujasiri. "Nitavaa gauni langu la zamani. Anayeolewa si mimi."

Bibi harusi aligeuka kwenye kioo. Gauni lake lilikuwa na kipande kirefu cha kuburura nyuma, alichokitamani tangu akiwa mdogo. Akakikunja, akamkabidhi fundi. "Kata hapa. Mtilie shangazi ubavuni mwa gauni lake."

"Mwanangu, utaharibu gauni lako!" shangazi akapinga.

"Shangazi, ulinibeba mgongoni mimi, sembuse kitambaa? Peke yangu siingii."

 Shangazi akaitoa mikono, akamkumbatia, gauni likiwa bado limekwama kichwani.

Binti akampima shangazi upya, maana kilichofutika hakirudi. Fundi alitia vipande ubavuni, akakesha akishona, huku mwanawe akiiandika upya programu kando yake, safari hii kwa nafasi tatu. Akaijaribu mara kadhaa, kila jina likabaki na vipimo vyake. Siku ya harusi, shangazi na bibi harusi waliingia bega kwa bega, gauni likimkaa kila mmoja, na mlangoni fundi akambusu mwanawe utosini.

"Umeelewa sasa?" akamnong'oneza. "Mafahali wawili hawakai zizi moja."