Ugali wa Mahindi ya Mashine

Waliohudhuria siku mashine ilipoonyeshwa kijijini kwa mara ya kwanza walikuwa hawa: Ndugu Pasikali, mwenyekiti wa kijiji, Mzee Khatibu, fundi mkuu wa karakana ndogo mjini Kasulu, Mama Immakulata, mjane na mkulima, pamoja na binti yake Esteri, Kipriani, jirani yao, wakulima wengi wa Nyakitonto waliokwisha kuvuna, na Venanti, mwanafunzi wa uhandisi, ambaye ndiye aliyeiunda. Mbuzi wawili nao walihudhuria, kwa ajili ya magunzi.

Wahenga walinena kwamba ukupigao ndio ukufunzao. Maana yake ni kuwa jambo linalomuumiza mtu ndilo linalomwachia elimu, ilhali linalomfurahisha huweza kupita kama upepo juu ya nyasi. Venanti aliijua methali hiyo tangu darasa la nne, na aliwahi kuitungia sentensi nzuri. Hata hivyo, kuitungia methali sentensi ni jambo moja, na kuionja ni jingine.

Ulikuwa mwezi wa Julai, mwaka wa sabini na saba. Asubuhi ukungu ulifunika mabonde ya Kasulu kama maziwa yaliyomwagika, na baridi iliwafanya watu wajikunyate mekoni. Wanafunzi wa mwaka wa tatu walikuwa wametawanywa nchini kufanya kazi kwa vitendo. Kila mmoja alitakiwa kubuni kitu cha kuwafaa wananchi, kukijaribu mikononi mwa wananchi wenyewe, kisha kuandika ripoti ya utafiti wake. Venanti aliomba apelekwe kwao, Nyakitonto, akapewa nafasi katika karakana ya Mzee Khatibu. Mwishoni mwa Septemba mhadhiri wake, Bwana Tamimu, angekuja kukagua. Kijiji kikiikubali mashine, Venanti angepanda mwaka wa nne pamoja na wenzake. Kikiikataa, angebaki nyuma na kuanza upya likizo ijayo.

Mashine yenyewe ilikuwa sanduku la mninga lenye gurudumu la chuma ndani yake, na gurudumu hilo lilikuwa na meno. Muhindi mkavu uliingizwa juu, mpini ukazungushwa, punje zikamwagika chini kama mvua ya mawe, na gunzi tupu likatemwa pembeni.

"Jamani!" Kipriani alipaza sauti. "Hii ina njaa kuliko mkwe wangu!"

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Wazee wakapiga makofi taratibu, kwa adabu ya Waha wanapomwamkia mtu wa heshima. Mama Immakulata, ambaye ni dada wa baba yake Venanti na ndiye aliyemlea, alichota punje kiganjani, akazitazama kwa muda, akazirudisha. "Ina kelele," alisema.

Tangu siku hiyo mashine ilizunguka kijijini, nyumba hadi nyumba. Kila wiki Venanti alipanda baiskeli kutoka Kasulu kwenda kuuliza habari zake. Popote alipofika alipewa kiti chenye mgongo, na kuku alifukuzwa uani akakamatwa. Naye alitoa kalamu na kuuliza swali lake lilelile.

"Inafaa?"

"Inafaa sana, mhandisi."

"Haina kasoro?"

"Kasoro itoke wapi? Kula kwanza, mhandisi."

Hivyo ndivyo kijana yule alivyovishwa kilemba cha ukoka, naye akakivaa kana kwamba ni cha hariri. Aliacha kufungua magunia, kwa sababu majibu aliyokuwa nayo yalimtosha. Agosti haijaisha, alikwisha kuandika ripoti yake hadi hitimisho na kuituma Dar es Salaam.

Mzee Khatibu, ambaye asili yake ilikuwa pwani na ambaye hakuna chuma asichowahi kukikemea, alimtazama juu ya miwani yake. "Mwanangu, karakana hii haijapata kutoa kitu kisichorudi. Jembe hurudi, baiskeli hurudi, hata kitanda cha mwenyekiti kilirudi. Mashine yako tu haijarudi. Ama imeundwa na malaika, ama haitumiki."

"Labda imeundwa vizuri, Mzee," Venanti alijibu huku akitabasamu.

"Inshallah," alisema mzee, akaendelea kupiga tupa.

Jumapili moja, wiki chache kabla ya mhadhiri kufika, Venanti alialikwa chakula cha mchana kwa shangazi yake. Esteri aliandaa mkeka, na Kipriani, ambaye pua yake haikuwahi kukosea saa ya ugali, akatokea pia. Sahani moja kubwa iliwekwa katikati, yenye ugali mweupe pe, unaotoa moshi. Kisha Mama Immakulata akaweka sahani nyingine ndogo mbele ya Venanti peke yake. Ugali wa sahani hiyo ulikuwa wa rangi ya majivu.

Venanti alimega tonge, akachovya kwenye maharage, akatia kinywani. Uchungu ulimkamata koo. Harufu ya uvundo ikampanda puani.

"Shangazi, unga huu umeharibika."

"Najua, baba. Kula."

Esteri aliinamisha uso. Kipriani alibaki na tonge hewani. "Mama Immakulata! Utamlishaje mtoto wa watu chakula kama hicho?"

"Huyu si mtoto wa watu," alisema mama yule kwa upole. "Mtoto wa watu ni yule mnayemchinjia kuku. Huyu ni wangu. Na huo ni ugali wa mahindi ya mashine yake."

Alinyanyuka, akamwongoza Venanti hadi ghalani. Magunia mawili yalisimama pale bega kwa bega. La kwanza lilikuwa la mahindi yaliyopukuchuliwa kwa mkono, nayo yaling'aa kama meno ya mtoto. Alipofungua la pili, vumbi la unga lilifuka, na fukusi weusi wakatawanyika kila upande kama watu waliofumaniwa. Mama Immakulata alitia mkono, akatoa punje chache. Kila moja ilikuwa na ufa.

"Meno ya mashine yanazipasua," alisema. "Fukusi akija, anakuta mlango umekwisha kufunguliwa."

Venanti aliigeuza punje moja kiganjani. "Na kwa wengine?"

Shangazi alimgeukia Kipriani, aliyekuwa amewafuata. Kipriani alitazama vidole vyake vya miguu. "Kwangu pia," alikiri. "Kwa mwenyekiti pia. Kwa wote. Tunaizungusha kidogo ukifika, ili usikie sauti yake."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tungekuambiaje, mhandisi? Mgeni haambiwi kwamba amekanyaga mbegu."

"Mimi mgeni? Nimezaliwa kwenye kilima kile pale!"

"Ulizaliwa, ndiyo," alijibu Kipriani. "Lakini umekuja na kalamu, na swali moja. Ukiliuliza, macho yako yanatuomba jibu. Nasi tunakupenda, tukakupa."

Mama Immakulata alifunga gunia. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imepungua ukali. "Mgeni hupewa kilicho kizuri, baba. Mwana hupewa kilichopo. Tangu ulipofika nimekuona unakalishwa kwenye viti vya watu na kusifiwa, nikasema moyoni, basi, wamekwisha kumfanya mgeni, na mimi nimempoteza. Kama ni kukukasirisha ili nikupate, bora ukasirike."

Naye alikasirika kweli. Aliondoka bila kumaliza kuaga, akaichukua mashine, akashuka mteremko kwa baiskeli huku machozi yakikaushwa na upepo. Hasira zake zilimwangukia kila mtu: kijiji kilichomdanganya, shangazi aliyemuumbua mbele ya jirani, hata fukusi. Alipofika karakanani kesho yake, mashine ikiwa imefungwa nyuma ya baiskeli kwa kamba za mpira, hasira ilikuwa imepungua, na aliyebaki wa kulaumiwa alikuwa mmoja tu.

"Nimepigwa, Mzee Khatibu," alisema. "Tena kwa ugali."

Alieleza kisa chote. Mzee alicheka mpaka akavua miwani aifute. "Alhamdulillahi! Imerudi! Sasa nimeamini kwamba ni mashine. Leta spana. Na tuombe radhi wote wawili, kwa maana hata mimi niliona haya kumsema waziwazi mtu wa chuo."

Walifanya kazi tangu asubuhi hadi jua kuzama. Walipunguza makali ya meno kwa tupa. Walikata tairi kuukuu la lori wakalipigilia ndani ya sanduku, ili punje zigonge mpira badala ya chuma. Nyufa zikapungua, lakini hazikwisha, kwani mihindi ya milimani haina kipimo kimoja. Mmoja mnene kama mkono wa mpiga mchi, mwingine mwembamba kama kidole. Palihitajika springi ya kulibana gurudumu na kulilegeza, na springi ya namna hiyo haikuwako Kasulu nzima.

Wakati huohuo Venanti alianza upya kuzunguka nyumba. Safari hii hakutoa kalamu. Alisema, "Nionyesheni palipoharibika." Mwanzoni watu walikana, wakatazamana, wakatuma watoto wakakamate kuku. Naye alikataa kuku, akakaa chini mkekani, akasimulia habari ya ugali wa shangazi yake. Hapo ndipo walipocheka, na kicheko kikafungua magunia. Baada ya hapo hawakuzuilika. Kila mtu alikuwa na lake: mpini ni mfupi, sanduku linatikisika, magunzi yanawapiga watoto usoni. Mzee mmoja alimfuata hadi njiani kulalamika kwamba baiskeli yake ilikuwa imeegeshwa juu ya maharage yaliyoanikwa. Venanti aliyapokea yote, hata la maharage.

Hatimaye Bwana Tamimu aliwasili. Alitoka Kibondo, alikokuwa akimkagua mwanafunzi mwingine anayejenga daraja, na vumbi jekundu la njia lilikuwa limempaka hadi kope. Kijiji kizima kilikusanyika mbele ya ofisi ya mwenyekiti. Habari ilikuwa imekwisha kuenea kwamba mashine ikikataliwa, Venanti atabaki nyuma ya wenzake. Kwa hiyo watu walikuja wamekubaliana bila kuagana: wangeisifu.

Ndugu Pasikali alisimama. "Bwana Mhadhiri, mashine hii imetukomboa. Sisi kama kijiji tunaikubali kwa mikono miwili."

"Miwili na miguu!" alidakia Kipriani.

Makofi yakalia. Venanti hakutakiwa kusema uongo wowote. Alitakiwa anyamaze tu, na mwaka wa nne ungekuwa wake. Aliangaza macho, akamwona shangazi yake amekaa nyuma kabisa. Mama yule hakupiga makofi, wala hakutikisa kichwa. Alikuwa anamtazama tu, na midomo yake ilikuwa inatetemeka kwa kuwa, pamoja na ukali wake wote, naye pia alitamani mtoto afaulu.

Venanti alipiga moyo konde. Alimwomba Esteri ungo, akauleta mbele, akamimina juu yake mahindi aliyokuwa amechota katika lile gunia la pili la shangazi yake. Fukusi walitembea hadi ukingoni.

"Hii ndiyo kazi ya mashine yangu," alisema. "Niliitengeneza upya, ikawa afadhali, lakini bado inapasua punje. Ikitumika kijiji kizima, ghala zote zitakuwa hivi kabla ya mavuno mengine. Naomba isikubaliwe."

Bwana Tamimu aliinama, akaokota punje, akaichunguza kwenye mwanga. "Ripoti uliyonitumia inasema vingine."

"Niliiandika kabla sijaonja, Bwana."

"Unafahamu kwamba siwezi kuipitisha kazi hii? Utarudi likizo ijayo. Wenzako watakutangulia."

"Nafahamu, Bwana."

"Mpe tu, Bwana!" Kipriani alisihi. "Ni mtoto wetu! Fukusi tutawaua!"

"Usinipe, Bwana," alisema Venanti. Akamgeukia jirani. "Na wewe, Baba Kipriani, nakuomba uniache nikose."

Bwana Tamimu akampa mkono, jambo ambalo hakuna mwanafunzi aliyewahi kusimulia kuwa amelifanya. "Springi nitakutafutia Dar es Salaam," alisema. "Maksi sitakuongezea hata moja."

Ndugu Pasikali aliwavuta wazee kando, wakanong'onezana, wakavutana mikono, mmoja akacheka kwa nguvu na kujiziba mdomo. Mwenyekiti aliporudi alijikohoza, akasimama wima, akawatangazia wote:

"Wananchi, uamuzi ni huu. Mashine imekataliwa. Mpaka siku ya lori la kumrudisha chuoni, Venanti atapukuchua mahindi kwa vidole, pamoja na kina mama, akae akijua kazi anayotaka kuwapunguzia. Likizo ijayo atakapofika, hakuna kuku wala kiti chenye mgongo; atakaa mkekani na kula kilichopo, maana ni mwana wa hapa. Na kuanzia leo ni marufuku kumwambia usoni kwamba mashine inafaa, hadi mahindi yake yatakapopita msimu mzima wa mvua ghalani. Kipriani, umesikia? Atakayekiuka atapikiwa lile gunia la Mama Immakulata, alimalize. Tunampenda kijana huyu, kwa hiyo hatutamsifu. Ukupigao ndio ukufunzao."