Kwa Nini Paka Hufukia Choo Chake

Enzi ambazo wanyama walikuwa bado wanasema na watu, paka hakuwa na haya. Alijisaidia popote haja ilipomshika: nyuma ya mlango, chini ya kitanda, hata juu ya jamvi. Akimaliza alijilamba miguu, akaenda zake kulala. Mwenyezi Mungu alikuwa amekwisha kumpa sura nzuri na mwendo wa madaha. Hilo la usafi lilikuwa bado halijamfikia.

Paka huyo alikaa kwa Bi Mwanakombo, mjane mcha Mungu aliyefuga pia mbuzi mmoja uani. Aliipenda nyumba ile kupita kiasi. Porini alikotoka kulikuwa na umande na fisi. Hapa palikuwa na joto la mafiga na vichwa vya dagaa. Na kila Bi Mwanakombo alipofagia uchafu, akimlaumu mbuzi, paka alitazama pembeni.

Alasiri moja, Bi Mwanakombo alitandika mswala wake. Kabla hajanuia, harufu ikampiga. Jirani yake, Bi Mize, aliyekuwa anapita, akachungulia mlangoni huku ameziba pua kwa ncha ya kanga.

"Shoga, umeanika papa humu ndani?"

"Afadhali papa. Ni huyu mbuzi. Leo namtoa, namgawa kwa yeyote amtakaye."

Mbuzi akasikia kule uani. "Mama, changu mimi kinajulikana, ni punje punje. Hicho kitazameni vizuri."

Wakatazama. Kisha wakamtazama paka. Paka akataka kukana, lakini moyo ukamsuta, maana mbuzi alikuwa karibu kuponzwa na kosa lisilo lake.

"Ni mimi, bibi," akasema. "Na cha chini ya kitanda pia."

"Kitanda kipi?" akauliza Bi Mwanakombo.

Bi Mize alicheka hadi kanga ikamdondoka. Bi Mwanakombo hakucheka. "Magharibi nitaswali katika nyumba isiyonuka," akasema. "Ikinuka, unarudi porini kwenu."

Paka akakaa jikoni kwa simanzi, na haja nayo ikaanza kumshika. Hapo akamwona Bi Mwanakombo, aliyekwisha kupika, akilifukia kaa la moto ndani ya jivu ili lisizimike. Bibi akainama kuangalia kama moshi unatoka. Ulipotoka kidogo, akaongeza jivu. Moto ukawa haupo machoni pa mtu.

Bi Mwanakombo alipotoka, paka akaenda palepale mekoni, akachimba upande wa pili wa jivu, akajisaidia, akafukia. Akanusa. Akaongeza jivu. Akanusa tena.

Magharibi Bi Mwanakombo aliswali swala yake yote kwa utulivu, akamshukuru Mola. Mara Bi Mize akaja na kifuu chake kuomba moto, kama majirani walivyozoea. Akachokora jivu kwa ncha za vidole, akilitafuta kaa.

"Shoga," akasema taratibu, "hili kaa lako ni laini."

Paka akajua amekwisha, akaanza kuelekea mlangoni. Lakini safari hii Bi Mwanakombo ndiye aliyecheka, akaketi chini, machozi yakimtoka.

"Rudi, wewe," akamwambia. "Nilisema nyumba isinuke, na haikunuka mpaka huyu alipolichokora jivu. Ila kesho uende mchangani kule nje. Mekoni ni pa moto."

"Na mimi nani ataninawisha?" akauliza Bi Mize.

Basi tokea jioni ile, paka popote alipo huchimba kwanza, hufukia, halafu huinama akanusa, kama anayeangalia moshi, na akiona bado huongeza mchanga. Siku hizi wako wanaomwekea boksi la mchanga humohumo ndani. Likinuka, tusimtupie maneno. Yeye sharti alilopewa analitimiza kila siku. Kosa ni letu sisi, tunaouacha mchanga uleule wiki nzima, halafu tunafungua madirisha na kumlaumu mbuzi.