Maji Yaliyovuka Korongo

Sogeeni karibu, na mwenye haraka ya kujibu ameze mate kwanza. Kesi hii imenishinda mimi, na mnajua mimi sishindwi ovyo.

Pale Moshi walikuwepo vijana watatu waliotengeneza mchezo mmoja wa kompyuta. Waliutengenezea dukani kwangu, kwenye steshenari ninayochapia kadi za harusi, kwa hiyo hakuna wa kunidanganya.

Elinami alikuwa na kipaji cha ardhi. Udongo wake kwenye skrini ulichimbika, moto wake uliunguza, na maji yake yalishuka bondeni bila kuambiwa. Mwaka mzima alihangaika na maji tu. Ukiziba huku, yanatafuta kwingine.

Mkunde alikuwa na kipaji cha vifaa. Shoka, kamba, jembe, mbao, vyote vyake. Alijiwekea sharti kwamba kila kitu kiweze kuungana na kingine, na kisiwepo kifaa chenye kazi moja. Aliwahi kuchonga gogo lenye uwazi ndani, akiwa na nia ya mizinga ya nyuki, lakini hakulifunga kwenye kazi hiyo. Aliliacha liwe gogo.

Aikaruwa alikuwa na kipaji cha kutunga. Alimtungia mchezaji kazi arobaini: mtafute mbuzi aliyepotea, jenga daraja kabla jua halijazama, kusanya alama mia. Kazi tamu kweli. Nilizicheza mpaka wateja wakanisema.

Basi wiki mbili kabla ya mashindano, Aikaruwa akaja asubuhi, akazifuta zote arobaini. Akafuta alama, akafuta saa, akafuta na mwisho.

"Umefanya nini?" Elinami aliuliza.

"Nimempisha mchezaji."

"Umetuua, dada. Mtu atakaa pale aulize afanye nini."

"Aulize tu," alisema Aikaruwa.

Mkunde hakumsemesha siku tatu.

Sasa niwaeleze mashindano yenyewe. Yalikuwa ya mchezo huria. Msije mkadhani ni mchezo wenye dunia kubwa tu. Dunia inaweza kuwa kubwa na bado ukaamrishwa kila kona, ruka hapa, piga yule. Mchezo huria ni kama rundo la mchanga ambalo fundi mwashi amelimwaga nje ya nyumba. Watoto hawapewi maelekezo. Huyu anapika wali, yule anachimba barabara, na wote wako sawa.

Zawadi ilikuwa kompyuta mpakato moja. Moja, sikilizeni vizuri. Kompyuta yangu ya dukani, waliyoitumia wote watatu, ilikuwa imeungua umeme uliporudi kwa nguvu, mchezo ukabaki kwenye flashi tu, na vijana wenyewe walikuwa wanaachana: Elinami amepangiwa kufundisha Sumbawanga, Mkunde anaolewa Singida, Aikaruwa anabaki Moshi. Atakayeondoka mikono mitupu ndiyo basi, ameaga kutengeneza michezo. Hakuna hata mmoja wao mwenye uwezo wa kununua nyingine.

Mwamuzi alikuwa Bwana Mremi, mtu mkavu, hacheki. Kipimo chake kilikuwa rahisi. Kila mchezo angeukabidhi kwa mtu ambaye hajawahi kucheza mchezo wowote, na watengenezaji wasifungue mdomo. Mtu akikwama na kuinuka, wameshindwa.

Wetu walipata Mama Ndeonasia, muuza ndizi, aliyekuwa ameleta ndizi za wageni ukumbini. Akaonyeshwa namna ya kushika kipanya, akakalishwa.

"Haya, nifanye nini?"

Elinami alikuwa anakunja vidole.

"Nauliza nifanye nini, jamani. Au na nyinyi hamjui?"

Mama akasonya, akaanza kutembea mle ndani ya mchezo peke yake. Akapanda mlima, akakuta chemchemi. Hapo akavuta kiti mbele.

Lazima mjue kwamba kwao mlimani maji hufikishwa kwenye migomba kwa mfongo, yaani mfereji unaochimbwa kwa mikono kufuata mteremko. Mfongo wa ukoo wake ulifukiwa na maporomoko miaka sita iliyopita, na migomba aliyoachiwa na mama yake ikakauka. Tangu hapo ndizi anazouza ni za kununua.

Akachimba. Maji ya Elinami yakamfuata nyuma, mteremko ukikaa vibaya yanatuama, anarekebisha.

Akafika kwenye korongo, akasimama. Akapekuapekua vifaa vya Mkunde, akakuta lile gogo. Akalipasua, akaunga vipande vinne kwa kamba, akavitandaza juu ya korongo. Maji yakavuka. Mkunde alijishika mdomo, maana hilo hakuliwaza hata siku moja.

Saa nzima ikapita, na robo tatu juu yake. Bwana Mremi alitazama saa yake mara nne. Kwenye skrini hakuna saa, hakuna alama, hakuna mbuzi wa kutafutwa. Hakuna aliyemwambia mama umechelewa wala umemaliza. Yeye ndiye aliyejua mfongo wake unaishia wapi.

Maji yalipofika kwenye tambarare, akapanda migomba mitatu, akaachia kipanya. Alikuwa analia. "Mama yangu angefurahi," alisema. "Angefurahi sana."

Bwana Mremi akatangaza palepale: "Huu ni mchezo huria wa kweli. Amefanya ambalo waliotengeneza hawakuliwaza." Halafu akamgeukia mama: "Zawadi ni moja, na mtu mmoja tu atajaza fomu. Ni nani kati ya hawa aliyekuwezesha?"

"Mwenye maji yuko wapi? Wewe? Asante, baba. Na mwenye gogo ni huyu, asante, binti yangu." Akamtazama Aikaruwa. "Huyu mwingine, samahani mwanangu, sikuona ulichofanya."

Aikaruwa alitabasamu, ila mimi ninamjua. Kauli ile ilimwingia.

Bwana Mremi akawapa siku saba wapatane. Wakaja kwangu, na maneno yakaanza.

"Bila maji yangu angechimba shimo kavu," alisema Elinami. "Dunia isiyojibu ni picha ya ukutani."

"Maji yako yangeishia korongoni," alijibu Mkunde. "Bila vifaa angekuwa mtalii tu."

Aikaruwa akasema taratibu: "Na kazi zangu arobaini zingekuwepo, saa ile alipofika kwenye chemchemi angekuwa anatafuta mbuzi. Nilifuta miezi sita ya jasho langu. Mama hakuniona kwa sababu nilifanya vizuri."

Elinami aliinamisha kichwa, lakini hakusema achukue.

Leo ni siku ya saba. Kasha la kompyuta liko juu ya meza yangu, halijafunguliwa, na fomu ina mstari mmoja wa jina. Watatu wako nje kwenye benchi, basi la Singida linaondoka saa sita, na kalamu wameniachia mimi.

Haya, nimemaliza, sasa mate yenu yatemeni. Aliyetoa dunia, aliyetoa mikono, au aliyetoa nafasi: wewe ungeandika jina la nani?