Jina la Mtoto wa Jaruba la Pembeni

Hapo zamani, mvua ilipokuwa bado haijajua kukoma, mafuriko yaliliingia bonde la Kiumbo watu wakiwa usingizini. Mwajabu, mja mzito, aliamka kwenye kibanda cha kulindia mpunga akaikuta dunia ni maji na ukungu. Majaruba ya juu tu, vile vipande vya shamba la mpunga vilivyozungushiwa matuta, ndiyo yaliyobaki makavu, moja hapa, matatu yameshikana kule, na watu juu yake.

Watu wa ng'ambo walikuwa na mitumbwi. Wakasema, "Tajeni idadi ya mitumbwi mnayotaka, mara moja tu."

Jumbe, aliyekuwa kilimani na waliookoka, akahesabu majaruba makavu: ishirini na matatu. Chausiku, msusi wa mikeka, akamkatiza.

"Hesabu visiwa, Jumbe; kila kisiwa mtumbwi mmoja. Jaruba kavu lipakwe majivu, kisha jirani yake wa ubavuni, na jirani wa jirani, mpaka maji yazuie. Hicho kimoja. Ndipo utafute kavu jingine lisilo na majivu."

Msichana mmoja, Sikudhani, akajifunga kanga, akabeba kapu la majivu, akaingia majini penye mamba. Mwajabu alimwona akichomoza ukunguni kama njozi, akirukia jarubani kwake kutoka ncha ya jaruba la jirani. Akanyunyiza majivu.

"Umeshahesabiwa, dada," akasema, akayeyuka.

Akarudi, akasimulia alivyomrukia mwenye mimba jaruba la pembeni, akatoa hesabu: visiwa vinane.

Ukungu ulipopasuka kidogo, Siwatu, mmoja wa waliokuwa na Jumbe, alitazama kutoka kilimani, akamwambia Sikudhani: "Lile la pembeni limegusana na mwenziwe kwa ncha tu. Ncha si njia! Wewe uliruka, mwenye mimba ataruka? Semeni tisa."

Wakamcheka. Akamzuia njiani mjumbe aliyepeleka hesabu ng'ambo, hata Jumbe akakubali.

Mitumbwi ikaja. Mtumbwi wa majirani wa Mwajabu ulijaa, ukaenda zake. Mwajabu aliita, ukungu ukaimeza sauti. Maji yakamfika magotini, uchungu ukamshika. Ndipo mtumbwi wa tisa ukateleza hadi kwake, na humo akajifungua binti.

Siku ya saba Mwajabu akataka kumpa mwanawe jina la aliyemwokoa.

"Bila njia yangu," akasema Chausiku, "mngeomba mitumbwi ishirini na mitatu. Nani angewapa?"

"Njia haina miguu," akasema Sikudhani. "Mimi ndiye niliyepita penye mamba."

"Wote wawili mlimhesabu," akasema Siwatu, "na wote wawili mngemwacha."

"Ungemtetea nani, Siwatu," akajibu Sikudhani, "kama nisingeleta habari kwamba yupo?"

Mwajabu akawatazama mmoja mmoja, mtoto akinyonya, jina halijamtoka mdomoni.

Enyi mliokaa hapa, msaidieni mzazi: je, nani alistahili?