Siku Jumbe Aliposema Asante

Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, mimi sijazaliwa wala nyinyi hamjafikiriwa, palikuwa na kijiji. Kijiji kilikuwa na Jumbe, jina lake Mwinyigogo. Alijua kila kitu, ila neno asante. Hata usipomwuliza, alikujibu.

Alikuwepo pia Bibi Kidawa, mfua nguo, mzee wa miaka mingi na maneno machache.

Asubuhi moja mvua imekatika. Mawingu yametanda, jani halitikisiki, hewa nzito kama mvuke wa chungu cha wali. Jumbe akawaita wanaume.

"Leo hakuna jua! Kandikeni nyumba yangu. Hakuna kupumzika!"

Bibi Kidawa akamwendea. "Jumbe, wapumzishe watu. Nguo nilizoanika jana hazijakauka. Hewa imeshiba maji. Jasho nalo litakaukia wapi? Na lisipokauka, mwili haupoi."

Jumbe akacheka, kwa kwa kwa! "Joto bila jua? Bibi, rudi kwenye povu lako."

Akavaa joho zito, akapiga kilemba mizunguko saba, akasimama kusimamia. Ndiyo kazi pekee aliyoiweza.

Udongo pwaa! Pwaa! Jasho tiri, tiri, tiri. Wanaume wakawa wanachomoka mmoja mmoja kwenda kunywa maji. Jumbe hakunywa.

"Kiu ni ya wavivu!"

Mchana akaanza kupayuka. Akamteua mbuzi awe mshauri wake. Watu hawakushtuka, washauri aliokuwa nao hawakumzidi mbuzi. Akayumba. Wakadhani maringo.

Bibi Kidawa akamletea kata ya maji. Jumbe akamtazama, macho mekundu.

"Asante, mama."

Bibi akapiga yowe: "Jamani, anakufa huyu!"

Puu! Jumbe chini.

"Kivulini! Mvueni joho!"

Wakalivua. Chini yake palikuwa na joho jingine.

"Na hilo! Mmwagieni maji mwili mzima! Msimnyweshe, hajitambui, atapaliwa!"

Maji shwaa! Shwaa! Ungo ukampepea, fu, fu, fu. Alasiri akafumbua macho. Yuko na shuka kiunoni, kijiji kizima kinamtazama.

"Nani kanivua?"

"Mimi," akasema Bibi Kidawa. "Nikuvishe tena?"

Jumbe akaomba maji ya kunywa. Watu hawakuwahi kuona jambo hilo.

Siku nne miguu haikumbeba. Siku ya tano akawaita wanaume, nao wakamwambia: "Tutaanza alfajiri, hewa ikiwa nzito tunaacha. Na maji yawepo."

Akakubali. Nyumba ikachukua mwezi mzima, lakini hakuna aliyezikwa.

Basi wanangu, joto halitoki juani tu. Hewa yenye unyevu nayo inaua, na haiulizi cheo. Hadithi yangu imekaa kitako hapo. Aliyechoka kusikiliza, akanywe maji.