Mshikio wa Ndoo ya Mama Hoza

Mtu mmoja alikuwa na paipu mbili mpya za breki, na hakuzifunga. Zilikaa juu ya kabati nyumbani kwake miaka miwili, zimeviringishwa kwenye gazeti, na gari lililozihitaji likasimama nje ya mlango huohuo. Hakuwa mvivu wala mjinga; katika mlima wote ule hakukuwa na fundi wa kumfikia. Kwa nini basi hakuzifunga? Habari hii imesimuliwa mara nyingi, na hakuna aliyeisimulia akaweza kulijibu swali hilo, hata huyu anayeisimulia sasa.

Jina lake Shemhilu. Alikuwa na pikapu kuukuu, nayo ndiyo iliyoshusha nyanya za watu wa mlimani hadi soko la bondeni kila Jumatano, wenye nyanya wakiwa wamekaa juu ya matenga yao. Gari hilo liliharibika karibu kila safari, lakini halikulala njiani hata siku moja. Tangi likivuja, alilisugua kwa sabuni ya mche mpaka petroli ikakoma kudondoka. Mkanda wa feni ukikatika, alisuka mwingine kwa kipande cha kanga, nao ukazunguka. Rejeta ikitoboka, alipasulia yai ndani yake, likaiva humo na kuziba tundu.

Vitu hivyo alivipata kwa abiria. Gari likizima alishuka, akachungulia, kisha akaja nyuma na kuuliza, "Nani ana kitu?" Watu walitoa. Ulishakuwa utaratibu wao kwamba aliyetoa kitu kikafaa, siku hiyo anakaa mbele na dereva, na nafasi hiyo ilitafutwa kuliko kiti cha bwana harusi. Mwalimu mmoja mstaafu aliwahi kuingia kanisani ameishikilia suruali kwa mkono, akimwambia kila aliyemtazama kwamba mkanda wake uko kazini.

Na Shemhilu alipomaliza kufunga alisema maneno yaleyale: "Hiki ni cha kutufikisha tu." Kikawafikisha. Walipofika walimpigia makofi, wakashusha mizigo yao, na hakuna aliyeinama tena chini ya gari. Hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja alikuwa na kitu chake kule chini, naye alipenda kukumbuka kwamba kinafanya kazi.

Siku walipokwenda kumzika Kiangi, jirani yao, paipu ya gurudumu la nyuma kushoto ilipasuka. Mjane mmoja, mkulima wa nyanya aliyeitwa Mama Hoza, aling'oa mshikio wa chuma wa ndoo yake akautoa. Shemhilu akaikunja ile paipu, akaiponda kwa jiwe ili mafuta ya breki yasipite, akaifunga kwa ule mshikio. Gari likafika mazishini likiwa na breki za magurudumu matatu, na Mama Hoza akateremka kutoka mbele kama mke wa diwani. Wiki ileile Shemhilu alikwenda mjini akanunua paipu mbili mpya. Akaziweka juu ya kabati.

Tangu hapo gari liliendelea kushuka na kupanda, na ukilikanyagia breki lilisimama. Jina la Shemhilu likazidi kukua. Watu walisema, "Ukiwa na Shemhilu, huhitaji gari zima." Naye alilipenda neno hilo, kama yeyote kati yetu angelipenda.

Jumatano moja, msimu ukiwa umekolea, pikapu ilijaa kupita kiasi. Watu walikuwa kumi na wanne. Walikuwa wamefika juu ya Kona Saba, mahali ambapo barabara huanza kuteremka kuelekea bondeni, Shemhilu alipokanyaga breki na pedali ikazama mpaka chini. Aliukata usukani upande wa mlima, gari likapanda tuta la udongo, likasimama limeinama. Tenga moja tu ndilo lililomwagika.

Alishuka, akalala chali chini ya gari. Ilikuwa paipu ya nyuma kulia. Dawa yake aliijua: kukunja, kuponda, kufunga, na mafuta yaliyopungua aongezee maji ya sabuni. Zingebaki breki za mbele peke yake. Gari zito, kona saba, magurudumu mawili. Akapima kichwani, akaona anaweza. Alikuwa amefanya makubwa kuliko hayo.

"Nani ana kitu?" aliuliza kutoka kule chini.

"Mimi nina waya wa antena!" alisema mmoja.

"Wa antena? Huo hata mbuzi haufungi. Shemhilu, chukua mkanda wangu."

"Mkanda wako ulishakaa mbele mwezi uliopita, mwalimu. Waachie na wenzako!"

Wakacheka. Shemhilu, akiwa amelala, aliona miguu yao ikizunguka gari, na mikono ikiinama kumpa vitu: waya, kamba, mshipi wa mtoto. Hakuna hata mmoja aliyesogea mbali na gari. Juu ya uso wake aliona kanga iliyosukwa, sabuni iliyokauka, na mshikio wa ndoo ulioliwa na kutu mpaka ukawa mwembamba kama sindano ya kushonea magunia. Ndipo alipotambua kwamba kwa miaka miwili watu hawa hawakuwa wamepanda gari. Walikuwa wamepanda neno lake.

Hata hivyo mkono wake uliuchukua ule waya, na mdomo wake ukasema kama ulivyozoea, "Hiki ni cha kutufikisha tu."

Mama Hoza alikuwa ameinama kumtazama, ndoo yake isiyo na mshikio kaikumbatia kifuani. Akasema, "Shemhilu, Kiangi tulishamzika tukarudi. Mbona mshikio wangu bado uko mazishini?"

Vicheko vikakatika. Shemhilu alitoka chini ya gari polepole, akasimama mbele yao na waya mkononi. Angeweza kujibu kwa mzaha, na wangemfurahia. Akasema, "Paipu mpya ninazo nyumbani. Mbili. Tangu wiki ile ya mazishi."

"Sasa mbona hukuzifunga, ndugu yangu?" mwalimu aliuliza, wala si kwa ukali.

Shemhilu aliutazama ule waya. Labda alingoja siku ya nafasi. Labda paipu mpya hazimfanyi mtu aitwe fundi, kwa sababu gari lisiloharibika halimwiti mtu yeyote. Hakujua. Wao nao walitazama chini, kwa maana hakuna kati yao aliyewahi kuuliza, na kila mmoja alikuwa amekaa mbele walau mara moja.

Jua lilikuwa limeshapanda, na wanunuzi wa bondeni huondoka adhuhuri. Mmoja alisema taratibu kwamba mkono wa Shemhilu haujawahi kuwaangusha; wafunge tu, washuke mara hii moja, wakirudi ataweka paipu mpya. Wawili wakaitikia kwa vichwa. Wakamtazama yeye, naye akamrudishia mwenye waya waya wake.

Walizungumza kidogo, kisha wakaamua: gari lisishuke. Nyanya zishuke kichwani. Zitakazowahi soko ziwahi, na zitakazochelewa zipikwe. Kuamua hakukuwa kugumu. Lakini Shemhilu alijijua. Alijua kwamba watakapofika kona ya kwanza na shingo kuanza kuuma, mtu atageuka kulitazama gari na kutamani kulirudia, na huyo mtu anaweza kuwa yeye. Basi akarudi chini yake na spana, akafungua paipu za mbele, zile nzima, akayaacha mafuta yote yaliyobaki yamwagike barabarani hadi tone la mwisho. Kisha akatoka, akafuta mikono kwenye suruali, akajitwisha tenga lililokuwa zito kuliko yote, akatangulia kushuka kwa miguu.