Fulana ya Chui

Nimefika!
— Pita ndani!
Nimebeba!
— Tua!
Ni kizito!
— Tutasaidiana!
Kina machozi ndani yake!
— Lete hivyo hivyo!

Haya, kaeni. Na wewe uliyevaa fulana yenye maandishi, sogea hapa mbele nikuone vizuri. Usinune. Sijasema neno bado.

Hapo kale wanyama wadogo walikuwa wakiliwa ovyo. Wakienda mtoni, wanaliwa. Wakienda malishoni, wanaliwa. Wakilala, wanaliwa usingizini. Mzee Ngiri, yule mwenye meno yaliyochomoza nje, akasema hapana, hili lazima lipatiwe dawa. Akazungushia uwanja boma la miiba. Ndani akaweka magogo ya kunyanyua, mawe ya kusukuma na kamba za kurukia. Akasema, "Njooni mfanye mazoezi mpate miguu ya kukimbilia." Akaiita jimu. Langoni akaandika kwa chokaa: JIMU YA FAMILIA. NJOO NA WANAO. NDANI HAKUNA KULIWA.

Wakaja. Pundamilia akaja na wanawe. Nyumbu akaja na wanawe. Digidigi akaja na wanawe wawili, Kitete na mdogo wake Mwanvita. Digidigi mnamjua, mnyama mdogo, miguu kama vijiti, macho makubwa kuliko uso. Kila mtu alimwita Mama Kitete. Wakubwa wakawa wananyanyua magogo, hup, haaa, puu! Watoto wakawa wanacheza mchangani, kwi kwi kwi! Kwa mara ya kwanza mama wa mnyama mdogo aliweza kumpa mwanawe mgongo bila moyo kumruka.

Siku moja akaja Chui. Akaapa langoni kwamba ndani hatamla mtu, na Ngiri akampokea kwa bashasha, kwa sababu Chui akinyanyua gogo kila mtu anatazama, na Ngiri alipenda sana jimu yake itazamwe. Chui akaingia. Amevaa fulana nyeusi imembana, na kifuani maandishi meupe makubwa: NAKULA MTOTO, NASHUSHIA NA MAMAKE.

Gogo lililokuwa juu likabaki juu.

Mama Kitete akamkimbilia Ngiri, ti-ti-ti-ti.

"Mzee Ngiri, umeisoma ile fulana?"

"Nimeisoma."

"Watoto wetu nao wanajua kusoma."

"Ni nguo tu, Mama Kitete. Nguo haina meno."

"Aliyeivaa anayo."

Chui akasikia. Akacheka mpaka ndevu zikacheza. "Jamani, mimi na nyinyi mnaokula majani si watani? Tangu enzi za mababu! Mtani akikwambia nakula, wewe unacheka, yamekwisha. Tena niambieni, mwenye nia mbaya ataiandika kifuani? Mlishaona mwizi anatembea na bango?"

Wakatazamana. Wakaona kweli, mwizi hatembei na bango. Pundamilia akacheka kidogo. Nyumbu akacheka. Mmoja akasema, "Mtani hakasirikiwi," na wengine wakaitikia, "Hakasirikiwi." Nyinyi wenyewe mnaijua desturi hiyo. Anayekasirikia utani ndiye anayegeuka kichekesho.

Siku ya kwanza Mama Kitete hakucheka. Siku ya pili hakucheka. Wenzake wakaanza. Huyu mama ana gubu. Huyu mama anajifanya mwanawe ni wa dhahabu. Wakawa wananyanyua magogo wakimpa kisogo, na mchangani watoto wao wakaacha kucheza na wanawe. Siku ya tatu akachoka kutengwa, akacheka, he he he. Kitete alikuwa amejificha nyuma ya miguu yake. Akamsukuma kwa pua.

"Nenda, mwanangu, kamwamkie Mjomba Chui. Ni utani tu."

Kitete akaenda, anageuka nyuma kila hatua.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," akasema Chui. "Marahaba sana."

Mama yule aliyakumbuka maneno hayo mpaka siku ya kufa kwake.

Siku hiyo hiyo, wakati wa kwenda kunywa maji, watoto wakaitwa. Mwanvita akaja. Kitete hakuja. Mama yake akaita, "Kitete!" Kimya. Akaita tena, "Kitetee!" Kimya. Wakazunguka jimu nzima. Nyuma ya rundo la magogo wakakuta doa la damu na kwato moja ndogo kama punje ya hindi.

Wote wakamgeukia Chui. Chui alikuwa amekaa anajipangusa mdomo.

"Mnanitazama mimi? Kwa sababu ya nguo? Yaani siku hizi mtu anahukumiwa kwa fulana yake?"

Ngiri akakohoa. Akakwaruza ardhi kwa kwato. "Shahidi hatuna," akasema. "Pengine mtoto alipenya miiba akatoka mwenyewe. Na tukimfukuza huyu kwa ajili ya maandishi, kesho tutamfukuza Nyumbu kwa ajili ya ndevu."

Nyumbu aliposikia habari ya ndevu zake akarudi kwenye gogo lake. Wengine nao wakarudi kwenye yao. Mama Kitete akaiokota ile kwato akaiweka kinywani, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kuiweka.

Asubuhi yake Chui akaja na fulana mpya. Nyekundu. Kifuani imeandikwa: MMOJA HANISHIBISHI. Akapita karibu na Digidigi, akainama kama mtu anayetoa rambirambi.

"Pole sana, Mama Mwanvita," akasema.

Mnasikia alivyomwita? Jana tu alikuwa Mama Kitete.

Digidigi akafikiri. Akitoka nje ya boma na Mwanvita, Chui atawafuata, na huko nje hana hata haja ya kusingizia utani. Akibaki ndani, ni siku mbili au tatu, mtoto ataitwa nyuma ya magogo. Akisema, ataambiwa ana gubu. Akaketi mchangani na Mwanvita katikati ya miguu yake, hakulia, hakula. Jua lilipopanda na jimu ikajaa, akainuka, akajikung'uta mchanga, akamwendea Chui mbele ya watu wote.

"Mtani wangu!"

"Naam, mtani!"

"Utani wetu ni wa kweli, au wa kuchekeana tu hapa jimu?"

"Wa kweli kabisa! Wa mababu!"

"Basi nina msiba, na sina maiti. Kesho nazika mgomba mahali pa mwanangu. Na mfiwa mwenye mtani, kaburi ni la mtani. Mtani analala ndani kwanza, na hatoki mpaka apewe anachotaka. Au kwenu hamna mila hiyo?"

Masikio ya Chui yakasimama. "Apewe anachotaka? Chochote?"

"Chochote. Mtani akishalala, hanyimwi."

Chui akamtazama Mwanvita. Akamtazama kuanzia kwato mpaka masikio. Tumbo lake likasema, ngurrrr.

"Nitakuja," akasema. "Tena nitawahi."

Digidigi akaenda kwa Ngiri. "Mzee, usiposema, basi chimba. Hilo unaliweza."

Ngiri akaona haya. Akachimba nyuma ya jimu, kacha, kacha, kacha.

"Yatosha, Mama Kitete?"

"Bado. Chimba."

Kacha, kacha, kacha. "Yatosha?"

"Bado. Chimba."

"Mama, hili linamfika twiga shingoni! Kwa mgomba tu?"

"Msiba wangu mkubwa, Mzee."

"Na mwanandani?" Mwanandani, kwa asiyejua, ni ile nafasi inayochongwa chini kabisa ubavuni mwa kaburi, ndimo anamolazwa maiti.

"Mrefu. Mwembamba. Mtu apenye kwa tumbo."

Ngiri akamtazama usoni kwa muda mrefu. Kisha akashuka tena shimoni akachimba, hakuuliza tena. Alipotoka alikuwa amechafuka mpaka kwenye kope.

Siku ya mazishi wakaja wote, wakubwa kwa wadogo. Mgomba umefungwa sanda, umelazwa pembeni, mfupi, kimo cha mtoto. Chui akaja na fulana yake nyekundu, hakujali hata kuibadilisha. Akajirusha shimoni, puu!

"Nimelala!"

"Hapo hujalala, mtani," akasema Digidigi kutoka juu. "Hapo ni ukumbini. Mtani analala pa maiti."

Chui akaingiza kichwa mwanandani. Akaingiza mabega. Akajivuta kwa tumbo, shwaa, shwaa, mpaka mkia ukazama.

"Mbona pembamba?"

"Kaburi ni pembamba, mtani. Umelala?"

"Nimelala!"

"Hutoki?"

"Sitoki!"

"Hutoki mpaka upewe?"

"Sitoki mpaka nipewe!"

"Haya, taja unachotaka, watu wasikie."

Sauti ikatoka chini, nzito, ina mate. "Namtaka huyo mdogo."

"Mtaje jina."

"Mwanvita."

Mwanvita akajibana kwenye ubavu wa mama yake. Mama akawageukia wenzake, mmoja mmoja, Pundamilia, Nyumbu, Ngiri.

"Mmesikia? Haya chekeni. Ni utani."

Hakuna aliyecheka. Pundamilia alikuwa anawatazama wanawe kama anawahesabu.

"Mtani," Digidigi akaita, "Mwanvita sikupi."

"Basi sitoki!"

"Basi usitoke."

Akageuza mgongo, akarusha mchanga kwa miguu yake ile ya vijiti. Tifu! Ulikuwa mchanga kidogo sana, haujazi hata kiganja. Akarusha tena. Tifu! Watu wakamtazama. Akarusha tena, peke yake, anahema. Ndipo Nyumbu akaenda jimu akarudi anasukuma jiwe kubwa la mazoezi kwa kichwa, ngudu ngudu ngudu, akaliachia shimoni, likaziba mdomo wa mwanandani. Puu! Pundamilia akageuka, akapiga mateke lundo la mchanga. Tifu, tifu, tifu!

Humo ndani Chui akataka kugeuka, hakuna pa kugeukia. Akataka kurudi nyuma, jiwe.

"Mama Kitete! Mama Kitete, nitoe!"

Leo kamkumbuka Kitete.

"Mtani hakasirikiwi," akasema Digidigi. Tifu!

"Nakosa pumzi!"

"Ni utani tu." Tifu!

"Nilikuwa natania!"

"Na mimi natania." Tifu!

Ngiri alikuwa amesimama kando. "Mama Kitete," akanong'ona, "huku si kuua? Tena jimu ni yangu."

"Ni mchanga tu, Mzee Ngiri. Mchanga hauna meno."

Ngiri akainamisha kichwa. Kisha akaweka pua kwenye lundo, akasukuma na yeye.

Sauti iliendelea kutoka chini mpaka jua likapinda. Ikawa kukwaruza. Ikawa kukwaruza kwa mbali. Ikanyamaza. Hakuna aliyeondoka, na watoto hawakuzibwa masikio, maana hakuna aliyekumbuka.

Shimo lilipojaa, Pundamilia akauona mgomba umebaki pembeni na sanda yake.

"Mama Kitete, na huu je? Kitete tumzike wapi?"

Digidigi akaitema ile kwato ndogo, akaifukia kwa pua juu ya kaburi, polepole.

"Kitete yumo humo," akasema. "Yumo tumboni mwake tangu juzi. Nimeshamzika mwanangu."

Hapo ndipo alipolia.

Ngano yangu imechoka kutembea, nimeiacha hapo ilipokaa.
— Ipumzike!
Mwenye miguu ataendelea nayo.
— Tutaendelea nayo!

Mnasubiri funzo, nawaona. Haya, funzo ni hili. Mavazi ni hiari ya mtu. Mkiingia jimu mkakuta mtu kaandika uovu kifuani, na watoto wenu wanausoma herufi kwa herufi, msimuudhi. Msimsumbue mwenye jimu, ana kazi nyingi. Chekeni, msije mkaambiwa mna gubu. Kisha msukume mwanao akamwamkie mjomba. Ikitokea haikuwa utani, msiwe na wasiwasi: wenzenu watakuja wote kuwasaidia kuzika.